Mtu anasali kwetu miaka miwili na hatumjui hata jina. Parokia zenu mnapokeaje watu?

Katibu wa Jumuiya (Kivule)

Tumsifu Yesu Kristo ndugu zangu, na wale wa madhehebu mengine Bwana Yesu asifiwe, poleni na majukumu.

Mi ni katibu wa jumuiya na pia nipo kamati ya uinjilishaji ya parokia, huku pembezoni mwa Dar ambako kila mwezi kuna nyumba mpya inapauliwa na kila nyumba ina wapangaji watano sita. Mwezi uliopita mtaani kwetu alifariki baba mmoja fundi seremala, alikuwa amepanga chumba kwa mama mmoja wa Kiislamu. Walipoanza kukusanya vitu vyake wakakuta rozari chini ya mto, na kwenye begi cheti cha ndoa ya kanisani kutoka huko Kagera. Yule mama mwenye nyumba ndo akaja kwangu kajitanda khanga, ananiambia mwanangu huyu mtu ni wenu, njooni mumzike.

Kilichofuata ndo kinaninyima usingizi hadi leo. Tulipokaa na viongozi swali la kwanza likawa alikuwa jumuiya gani, la pili kadi yake ya zaka iko wapi, la tatu mchango wa ujenzi kalipa kiasi gani. Nikafungua daftari, jina halipo. Tukavutana mpaka saa nane mchana, jua kali, mwili uko ndani, na watoto wake waliokuja na basi kutoka Bukoba wamekaa kwenye mkeka hawajui washike lipi. Mwishowe katekista akanyanyuka akasema mi naenda kusali, anayekuja aje. Tukaenda watu kama kumi na wawili hivi.

Sasa pale makaburini kuna kijana wetu mmoja, wale wanaopanga watu kwenye mabenchi kanisani, akaiona picha ya marehemu kwenye msalaba akaanza kulia kama mtoto. Anasema huyu baba namfahamu, yuko Misa ya kwanza kila Jumapili, anakaa benchi la mwisho mlango wa kushoto na anatoka yakianza matangazo. Miaka miwili jamani! Na daftari la jumuiya nalishika mimi.

Halafu nikija kuangalia mpango wetu wa mwaka, kwenye uinjilishaji tumeandika kukodi spika, jenereta na mkutano wa hadhara siku tatu. Mimi sikatai mikutano ila nimejiuliza hao watakaokuja kwa ajili ya spika watakaa wapi kama si benchi lile lile la mlangoni.

Kwa hiyo naomba uzoefu wenu. Kwenu mgeni akija anapokelewaje, yaani kwa vitendo, nani anamfuata, anaambiwa nini? Na yule ambaye si Mkristo ila anataka tu kujua tunaamini nini, mnaanza naye vipi bila kumkimbiza? Nawasilisha.

Mama Wawili

Milele amina. Pole sana katibu, na pole kwa wale watoto.

Mi nipo WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, parokia nyingine hapa hapa Dar, na sisi tulishapita huko. Kitu cha kwanza tulichoacha ni kile cha "wageni wote wasimame tuwaone". Mtu kahamia juzi, hana kazi, nguo yenyewe ndo hiyo moja, unamsimamisha watu mia nane wamgeukie? Wengi walikuwa hawasimami, na waliosimama Jumapili inayofuata huwaoni.

Sasa hivi tunafanya hivi. Ikiisha Misa ya kwanza na ya pili akina mama wawili wanakaa nje chini ya mwembe, wana chupa ya chai ya tangawizi na benchi. Paroko kwenye matangazo anasema sentensi moja tu, kama wewe ni mgeni au una shida yoyote akina mama wako kwenye mwembe, basi, na analisema MWANZO wa matangazo kabla ya habari za michango maana alishagundua watu huwa wanaondoka zikifika habari hizo. Daftari letu lina vitu vitatu, jina, unakaa karibu na nini, namba ya simu. Halina safu ya hela na hilo tulilipigania kwenye kikao mpaka likaeleweka. Jioni ile ile namba inatumwa kwa jumuiya ya jirani na kabla ya Jumamosi watu wawili wameshaenda kumsalimia nyumbani, na tunachagua walio rika lake au wenye watoto wa umri mmoja na wake, sio lazima mwenyekiti.

Kingine ambacho watu hawakifikirii ni dada wa kazi. Jumuiya inasali Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, saa hiyo yeye anakoroga uji wa watoto, anaosha vyombo, na bosi wake ndo yupo jumuiya anasoma somo la kwanza. Kuna siku tulisali nyumba fulani, mlango wa jikoni uko wazi, nikasikia mtu anaitikia Zaburi kwa sauti ya chini kule ndani na maji yanamwagika kwenye karai. Nikaenda kumwangalia, binti wa miaka kama kumi na tisa, mikono ina povu, kumbe kwao Sumbawanga alikuwa mwimbishaji. Nikamwomba mama mwenye nyumba mbele ya wote, akakubali, binti akaja akakaa kwenye mkeka na sisi. Kuanzia hapo tukakubaliana nyumba yoyote tunayosali kila aliye ndani anaalikwa, na wale wasiopata asubuhi tukawawekea Jumapili saa kumi jioni. Waendesha bodaboda wengi wanakuja hiyo ya jioni.

Mzee wa Kigango

Nimekuwa katekista miaka thelathini na moja, nimestaafu ila bado naitwa itwa. Katibu umeniumiza na hii habari na nataka nikuambie kitu kimoja kwa uwazi ili siku nyingine usivutane na mtu mpaka saa nane.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 kanuni ya 1184 imetaja wanaoweza kunyimwa mazishi ya Kanisa, nao ni walioasi imani waziwazi, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kungekwaza waamini, na hao wote ni kama hawakuonyesha dalili yoyote ya kutubu kabla ya kufa. Kukiwa na shaka anaulizwa askofu. Hakuna mahali imeandikwa kadi ya zaka. Na kanuni ya 1183 inasema wakatekumeni, watu ambao hawajabatizwa bado, kwa mambo ya mazishi wanahesabiwa pamoja na waamini! Sasa kama anayejifunza anazikwa, aliyebatizwa akafunga ndoa akafa na rozari chini ya mto unamuulizaje risiti.

Mi sipingi jumuiya, nimezijenga kwa miguu yangu. Maaskofu wetu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, ndo waliamua jambo hili miaka ya sabini, walikutana Nairobi 1973 na 1976 wakasisitiza kwamba jumuiya ndogo ndogo ndio iwe njia ya kulijenga Kanisa huku kwetu. Nia ilikuwa majirani wajuane, wasome Injili ya Jumapili pamoja, wajue nani anaumwa na nani kakosa ada. Kwa hiyo fundi kukaa miaka miwili na kufa bila kujulikana, hapo ni sisi wenye jumuiya tulioshindwa kazi yetu, tusimtupie marehemu. Daftari lilitakiwa litupeleke kwake, tumeligeuza la kumsubiri yeye aje.

Na kwa upande wa uinjilishaji soma habari za Uganda. Padri Lourdel na Bruda Amans walifika Buganda 1879, lakini Novemba 1882 wamisionari wakalazimika kuondoka wakavuka ziwa kuja huku kwetu Bukumbi, jirani na Mwanza, hawakurudi mpaka 1885. Ungedhani kila kitu kimekufa si ndio? Waliporudi wakakuta wanaojifunza dini wameongezeka. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa anafundisha vijana ndani ya ikulu ya kabaka, yaani mfalme wa Buganda, kule Mityana Matia Mulumba, Luka Banabakintu na Noa Mawaggali wanafundisha majirani zao majumbani, padri hayupo. Na Kizito alibatizwa na Karoli Lwanga pale Munyonyo Mei 1886, mlei, yaani asiye padri, kambatiza mlei usiku wa hatari, siku chache baadaye wote wawili wakauawa Namugongo kwa ajili ya imani. Hakukuwa na spika. Kulikuwa na mtu anayemjua mtu.

Nilibatizwa Mkubwa

Naomba nijibu lile swali la pili la katibu maana linanihusu.

Nyumbani kwetu hatukuwa na dini, baba alikuwa anashika mila za kwao na mama alikuwa haendi popote. Nilikuja Mwanza kutafuta maisha nikapanga Igoma, chumba cha jirani alikuwa mama mmoja muuza dagaa. Niliugua malaria vibaya siku nne sitoki ndani, yule mama alikuwa ananiletea uji asubuhi kabla hajaenda mwaloni, anaweka kikombe mlangoni anagonga mara mbili anaondoka. Hakunisomea Biblia wala kuniambia nimekuombea. Ila ukuta wa zile nyumba zetu haufiki juu, jioni nikawa namsikia na wanae wanasali rozari, na siku ya tatu nikasikia jina langu humo ndani.

Nilipopona nikamuuliza mama mbona mlinitaja. Akacheka, akasema sisi tukila tunakumbuka jirani, tukisali tunakumbuka jirani. Mimi ndo nikaomba kwenda naye.

Sasa wanaopokea watu naomba mjue hiki. Jumapili ya kwanza sikujua lolote, watu wanasimama nasimama, wanapiga magoti nachelewa, nilihisi kama kanisa zima linaniona. Mama alikuwa kanikalisha upande wa ukutani, kila kitu ananiambia sekunde moja kabla, kwa kunong'ona, "sasa tunakaa", "hapa unasikiliza tu". Watu walipoanza kwenda Komunyo na mi nikanyanyuka, hakunivuta, alinigusa mkono wa shati akasema nifuate, ukifika mbele kunja mikono kifuani hivi, utapewa baraka. Padri akaniwekea mkono kichwani. Nilirudi kwenye benchi natetemeka. Angeniambia "kaa chini wewe hujabatizwa" nisingerudi tena, na angekuwa amesema ukweli mtupu.

Baada ya hapo ni mafundisho, kwangu yalichukua karibu miaka miwili, nikabatizwa mkesha wa Pasaka na yeye ndo akanitafutia msimamizi wa ubatizo. Watu wanalalamika ni muda mrefu lakini Kardinali Lavigerie aliyeanzisha shirika la wamisionari la White Fathers aliwawekea watu miaka minne. Muda mrefu hauchoshi kama una mtu wa kutembea naye, kinachochosha ni ukatekumeni wa kukaa darasani peke yako unakariri majibu ya katekisimu na mwalimu hajui hata unaishi wapi. Kwa hiyo kama kamati ina hela kidogo ningesema ziende kwa wasimamizi, wapeni hata semina ya siku moja ya kuwafundisha kutembea na mtu. Akiuliza kwa nini mnaamini Kristo yuko kwenye mkate, jirani awe na jibu lake mwenyewe la moyoni hata kama si la kitabu. Papa Paulo VI aliandika mwaka 1975 kwamba watu wa leo wanawasikiliza mashahidi kuliko walimu, mi nilisikiliza uji kwanza.

Mhasibu

Nitasema tofauti kidogo, mniwie radhi. Mi nipo kamati ya fedha. Tunaongea vizuri hapa lakini kanisa la watu elfu mbili halijengwi na chai ya tangawizi. Paa letu linavuja, padri anahitaji kula, katekista analipwa posho ya aibu, na wapo watu wengi tu wanakuja Misa wanakaa mlangoni makusudi wasijulikane ili wasichangie, wakipata msiba au wakitaka kubatiza mtoto ndo wanatukumbuka. Tukiondoa masharti yote jumuiya zitakufa, wale kumi na tano waaminifu wataendelea kubeba mzigo wa watu mia. Hilo nalo ni haki?

Mzee wa Kigango

Mhasibu umeuliza swali la kweli na silidharau, najua uchungu wa posho ya katekista kuliko wewe, hiyo nimeila miaka thelathini na moja. Kuchangia ni wajibu wa muumini, sheria yenyewe inasema hivyo. Lakini sheria hiyo hiyo kanuni ya 848 inasema maskini asikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Na Papa Fransisko mwaka 2013 aliandika kwamba Kanisa si kituo cha kutoza ushuru, ni nyumba ya Baba.

Ninachokuambia kwa uzoefu ni mpangilio, kipi kinatangulia. Mtu ukimjua, ukamzikia mama yake, ukamfundishia mtoto, siku ukimwambia paa linavuja anapanda mwenyewe juu. Ukianza na paa hutamjua kamwe. Huyo fundi alikuwa SEREMALA ndugu yangu, na mabenchi mangapi ya parokia ya katibu yamevunjika miguu na wa kuyagonga msumari hakuna.

Mwana wa Old Moshi

Bwana Yesu asifiwe. Mi ni Mlutheri, naomba nichangie kidogo.

Shida ni ile ile hata huku KKKT, mtu akihamia anatakiwa aje na cheti cha kuhama usharika na wengi hawana, wanaogopa kuulizwa bahasha ya sadaka, wanaishia kusali huku na kule. Kwetu Old Moshi wazee wanamkumbuka mmisionari Bruno Gutmann aliyekaa Uchagani tangu mwanzoni mwa karne ya 20 mpaka 1938. Alichofanya ni kuujenga usharika juu ya vitu ambavyo Wachagga walikuwa navyo tayari, ukoo, ujirani na rika. Alikosolewa na wasomi kwa mengine na sina haja ya kubishana, ila hoja ya kwamba mtu anaingia kwenye imani akiwa ameshikwa mkono na wa kwao naona ndo hiyo hiyo mnayoongea.

Tofauti ya mjini ni kwamba ukoo haupo na rika limetawanyika, kilichobaki ni ujirani tu, na ujirani wenyewe wa geti. Kwenye mtaa wetu hapa Dar tulichofanya ni kugawana nyumba, kila mzee wa kanisa ana njia zake tatu nne, akiona gari la mizigo linashusha godoro anaenda siku ile ile kusaidia kubeba na kuonyesha duka, maji, zahanati. Haulizi dhehebu. Akiwa Mkatoliki tunamwelekeza kwenu, akiwa Mwislamu tunamwonyesha msikiti ulipo, akiwa wetu anakuja mwenyewe. Na nyie mkipata wetu mtuelekezee jamani.

Mama Wawili

Hili la godoro nalichukua kama lilivyo. Mtu siku ya kuhama hata chumvi hana.

Katibu usisahau na yule mama wa Kiislamu. Ndiye aliyemjua marehemu kuliko sisi wote na ndiye aliyewaita. Mkiandika mipango ya kupokea watu yeye kwanza aende mtu kumshukuru, mikono mitupu au na sukari kilo, ila aende.

Katibu wa Jumuiya (Kivule)

Nimerudi wadau, samahani kimya, nilikuwa napeleka haya kwenye kikao.

Nimewasomea mengi ya hapa ikiwemo kanuni ya 1184, Paroko akakifuata kitabu chake akaisoma mwenyewe mbele ya wenyeviti wote wa jumuiya, pakawa kimya. Amesema kuanzia sasa kukiwa na msiba swali la kwanza ni wafiwa wako wapi na mengine yanamhusu yeye ofisini. Mkutano wa hadhara umesogezwa mwakani. Daftari nimelianza jipya, safu ya michango haimo, mhasibu wetu ana la kwake na tumekubaliana yasikutane mlangoni. Kikao hakikuwa rahisi, wazee wawili waliondoka wamenuna na sitaki kudanganya kwamba kila mtu kakubali.

Yule kijana aliyelia makaburini ameomba mwenyewe awe anakaa lile benchi la mwisho Misa ya kwanza. Hapangi watu tena, anakaa tu nao. Jumapili ya kwanza alitoka nje na mzee mmoja yakianza matangazo wakaongea getini, kumbe mzee anawahi lindo. Jumapili ya pili akaniletea kijana wa bodaboda mwenyeji wa Kasulu, ana mke na mtoto mmoja, ndoa bado, anasema alibatizwa akiwa mdogo ila hana cheti na kwao hakuna aliyebaki wa kumtafutia, ndo maana miaka yote anakaa nyuma anaogopa ataambiwa si Mkristo. Mzee wa Kigango nisaidie hapa, huyu tunaanza naye wapi?

Na kwa yule mama tulienda, mi na mke wangu na katekista. Chumba bado hajakipangisha. Alitutolea randa na msumeno wa marehemu akasema watoto waliviacha, walimwambia awape watu watakaovitumia kanisani.

Mzee wa Kigango

Huyo kijana asihangaike kusafiri. Jina la kila aliyebatizwa linabaki kwenye kitabu cha ubatizo cha parokia alikobatizwa. Muulize jina la ubatizo, jina la baba na mama, kigango walichokuwa wanasali, na mwaka hata kwa kukisia, wa mavuno gani au darasa la ngapi kakaake. Paroko wako anaandika barua kwenda kule, wanatafuta kwenye kitabu wanajibu. Isipopatikana bado kuna njia, shahidi mmoja wa kuaminika anaweza kutosha kuthibitisha ubatizo, hata msimamizi wake kama yu hai. Mwambieni hivyo leo leo, kwa simu, msisubiri Jumapili. Na huyo mke na mtoto mkawaone nyumbani kabla ya kugusa habari ya ndoa.

Hiyo randa mpeni fundi yeyote mwenye mkono mzuri, aanze na lile benchi la mlango wa kushoto.